Kinachojisokota Kulia

Kushoto. Kushoto. Kushoto. Kushoto.

Sikudhani Mhando alikuwa ameinamia hadubini tangu saa mbili asubuhi, brashi yenye nywele tatu mkononi, akivisogeza vigamba kimoja kimoja kutoka upande huu wa sahani kwenda upande ule. Kila kigamba kilikuwa kidogo kuliko punje ya chumvi, na kila kimoja kilikuwa kimejisokota kushoto, kwa sababu waliovitengeneza walitaka iwe hivyo. Walitaka mtu yeyote akikiona kimoja, popote pale baharini, ajue papo hapo kwamba kimetoka maabara. Msokoto wa kushoto ndio uliokuwa muhuri wao.

Cha mia nne na kumi na mbili kilikuwa kimejisokota kulia.

Aliinua kichwa, akafikicha macho, akainama tena. Akakigeuza kwa ncha ya brashi, mgongo juu, tumbo chini, kisha tumbo juu. Kulia.

"Wewe," alisema, na sauti ikamtoka imekwaruza, maana alikuwa hajaitumia tangu jana. "Wewe umetoka wapi?"

Hakukuwa na wa kumjibu. Kituo cha Saba kilikuwa jukwaa la chuma lililofungwa kwa minyororo mahali ambapo maji yana kina cha kilomita nne, mwendo wa siku tatu kwa meli kutoka Tanga. Kilijengwa kwa ajili ya watu wanane. Mashine zilipojifunza kuvuta wavu, kupima maji na kuchambua vigamba, wakarudishwa nyumbani mmoja mmoja, akabaki yeye peke yake, kwa kuwa sheria ilitaka sahihi ya mwisho itokane na jicho la mtu. Ule ulikuwa mwezi wake wa kumi na nne. Alilala katika vyumba vyote vinane kwa zamu, wiki moja moja. Alijiambia kwamba anafanya hivyo ili visishike uvundo. Kwenye vigingi vya makoti majina ya wenzake yalikuwa bado yamebandikwa, naye alikuwa ameyazoea kiasi kwamba asubuhi nyingine aliyasoma yote kwa sauti kabla ya chai.

Alikisukuma kile kigamba kwenye kishimo chake peke yake, akakiandikia namba, kisha akaendelea kuhesabu. Kabla ya adhuhuri alikuwa amepata vingine viwili.

*

Miaka ishirini na miwili nyuma, joto liliposhindikana na wazee wakawa wanafia vyumbani mwao mijini, watu waliitazama bahari na kuomba msaada kwa viumbe wadogo kuliko wote. Wataalamu huwaita foraminifera, wabeba matundu. Mabaharia wa vituo waliwaita vitundu. Kila kitundu ni chembe moja tu. Hakina mdomo, hakina jicho wala tumbo. Hata hivyo kinajijengea nyumba ya chokaa, yaani kigamba. Kinatoa utando mwembamba kama povu, kinaupaka chokaa, na baada ya saa chache chumba kimekamilika. Siku ya pili au ya tatu kinaongeza kingine kikubwa zaidi kando ya kile cha kwanza, na kingine tena, mpaka nyumba inajizungusha. Kikifa, nyumba hiyo huzama hadi sakafu ya bahari ikiwa imebeba ukaa ndani ya kuta zake.

Basi wakatengeneza vitundu vyenye kuta nene mara tano, wakavimwaga baharini, wakaviita vizamishi. Vikafanya kazi iliyotarajiwa. Joto likasimama, na mahali pengine likaanza kushuka. Ila vizamishi vilikuwa na njaa kubwa kuliko ilivyokadiriwa. Vikala mabuu madogo yanayoliwa na dagaa, dagaa wakaisha, na walao dagaa wakafuata. Vitundu vya asili vikaporwa chakula chao. Cha mwisho, kile cha miiba mirefu, kilikuwa hakijaonekana kwa miaka kumi na moja, na vitabu vikakiandika katika orodha ya waliotoweka.

Sasa dawa ilikuwa imepatikana. Ilikuwa kirusi kinachotambua vizamishi kwa vinasaba vyao na kuvimaliza, na meli ilikuwa imeshaipakia. Kilichobaki kilikuwa karatasi moja, hati ya utupu, ambayo msimamizi wa kituo anathibitisha kwamba katika maji yale hakuna kiumbe cha asili ambacho dawa hiyo ingekigusa.

Siku iliyofuata wavu ulimletea kimoja kilicho hai.

Alikitia kwenye kikombe cha kioo chenye maji ya bahari yaliyochujwa, akakiweka chini ya taa, akasubiri. Kwa nusu saa kilikaa kama kokoto. Halafu kikaanza kujifungua. Miiba ikasimama pande zote, myembamba kuliko uzi wa buibui, na juu ya kila mwiba nyama yake ikatambaa polepole kuelekea nje. Ilikuwa imebeba miani, mimea midogo ya dhahabu inayoishi ndani yake na kumlisha mwenyeji wake. Kilikuwa kinaitoa nje ipate mwanga, kama mtu anayeanika mpunga uani. Jua la alasiri liliposhuka dirishani, kikaianua yote, punje kwa punje, kikairudisha ndani.

Kizamishi hakina miani. Kizamishi hakina miiba. Lakini ukuta wa hiki ulikuwa mnene mara tano.

Sikudhani alikula chakula chake cha mchana saa kumi na moja, amesimama, sahani ikiwa kando ya hadubini, na akajikuta anatabasamu peke yake.

Alijua kilichotokea, hata kabla mashine ya vinasaba haijatoa majibu. Mwezi ukiwa mpevu, kitundu hukatika miiba yake, kikazama kidogo, halafu mwili wake wote hugawanyika kuwa mbegu laki tatu zenye mikia, zinazoogelea kutafuta mbegu za mwingine. Hakibaki kitu cha mzazi ila nyumba tupu inayoshuka gizani. Mzazi mzima amekuwa watoto. Mahali fulani katika maji haya, mwezi fulani, mbegu ya kitundu cha miiba mirefu ilikosa mwenziwe, ikakutana na ya kizamishi.

Majibu yakatoka: nusu kwa nusu.

*

Redio ilifunguliwa kila siku saa nne asubuhi, kwa robo saa. Upande wa pili alikuwa Dakta Ngwali, Mpemba mwenye sauti ya upole, mkuu wa vituo vyote vya ukanda ule. Ndiye binadamu pekee aliyezungumza naye kila siku.

"Bi Sikudhani, asalaam aleykum."

"Waaleykum salaam, Dakta."

"Hati ya utupu sijaiona. Meli imeshaondoka, siku tatu itakuwa kwako."

Akamweleza. Alieleza yote bila kukatizwa, msokoto, miiba, miani, ukuta, mpaka akamaliza.

"Nusu kwa nusu," Ngwali alirudia. "Basi nusu ni yetu. Andika kizamishi."

"Na nusu ya pili?"

"Fomu ina visanduku viwili, dada yangu. Kizamishi, au kiumbe cha asili. Haina nusu."

"Ndiyo maana nakuuliza."

"Ukiandika asili, Mkataba wa kulinda viumbe vya asili unatufunga mikono. Lazima Baraza la nchi zote likae, na kukaa kwake si chini ya mwaka. Mkondo huu unavikusanya vizamishi mahali pamoja mwezi huu tu. Ukishatawanyika, dawa tutaimwagia wapi?" Akashusha pumzi. "Mwanangu wa mwisho ana miaka sita. Samaki amewaona kwenye picha. Juzi ameniuliza kama wana masikio."

Sikudhani alikivuta kikombe cha kitundu karibu yake.

"Viweke baadhi kwenye vikombe," Ngwali akasema. "Viokoe hivyo."

"Nilijaribu na vya asili, miaka ile kabla havijatoweka. Kwenye kikombe vinaishi, vinakua, vinatoa mbegu, na mbegu zinakufa. Unajua hivyo."

"Najua. Nikwambie jambo, usinichukie. Umekaa peke yako muda mrefu. Mtu akikaa hivyo huanza kupenda chochote kinachocheza mbele ya macho yake. Jiulize kalamu ameishika nani, mtaalamu au mpweke."

Maneno hayo yalimchoma kwa sababu yalikuwa na haki.

"Na nikiandika kizamishi, Dakta, wewe utalala?"

"Nitalala. Sitakuwa nimeua kitu. Nitakuwa nimefuta kosa letu."

"Hilo ndilo linalonitisha," alisema, na robo saa ikaisha.

Siku nzima ile alijipima. Aliiamuru mashine ichanganye vigamba arobaini, vya maabara, vya asili kutoka kabati la makumbusho, na vile vipya, na kuficha namba zao, ili asijue anapima nini. Akapima unene, matundu, mlango, idadi ya vyumba, mashina ya miiba, mambo tisa kwa kila kigamba, bila kukipa kimoja muda zaidi ya mwingine. Alipofungua orodha kesho yake, vile vipya vilikuwa vimejipanga pamoja, mbali na makundi yote mawili. Katika mambo tisa, sita vilifanana na kitundu cha miiba mirefu, matatu na kizamishi. Mtaalamu yeyote duniani, aliyelala usingizi mnono katikati ya familia yake, angesema alichosema yeye. Uzao wa asili ulikuwa haujakatika. Ulikuwa umeoa mbali.

*

Ijumaa ilikuwa siku ya simu ya nyumbani, dakika kumi. Alimpigia Mwanahawa, dada yake mkubwa, aliyemlea tangu mama yao alipofariki. Mwanahawa aliishi Kigombe, kijiji cha pwani, na kwa miaka thelathini kazi yake ilikuwa kuanika dagaa.

"Umekula?" Mwanahawa aliuliza kwanza, kama kawaida.

"Nimekula, dada. Nyie je?"

"Mchicha. Jana mchicha, leo mchicha." Akacheka bila furaha. "Vichanja vya kuanikia tumemaliza kuvipasua kuni. Wanaume wamekwenda bara kuchimba, hata salamu hazirudi. Bi Mize jirani, unamkumbuka? Mjukuu wake, Mbwana, nywele zimekuwa rangi ya kutu. Miguu imejaa maji. Ukimbonyeza, kidole kinaacha shimo."

"Hospitali?"

"Wamempa unga wa lishe wa wiki mbili. Wiki ya tatu hawana." Akateremsha sauti. "Siku, wanasema meli ya dawa imeondoka. Ni kweli?"

"Ni kweli."

"Na wewe ndiye unayetia sahihi?"

"Ni mimi."

"Nimewaambia watu wote hapa," Mwanahawa alisema, na sauti yake ikapanda kwa fahari, kama msichana. "Sokoni, msibani, kila mahali. Nimewaambia, mtulie, mdogo wangu ndiye yuko huko. Juzi Bi Mize amekuombea dua kwa jina lako."

Sikudhani alishika mdomo wake kwa kiganja. Dakika zilizobaki alizipitisha akiitikia tu, ndiyo dada, sawa dada, mpaka mstari ukakatika wenyewe.

Alikwenda kukaa juu ya jukwaa. Jua la mchana lilikuwa kali na bahari ilikuwa tupu kila upande, bluu ile safi ya maji yasiyo na uhai ndani yake. Hakujidanganya kwamba kitundu kimoja, au elfu, kina thamani kuliko mguu wa Mbwana. Kama angeulizwa hivyo tu, kipi kati ya viwili, angejibu kabla swali halijaisha.

Lakini hakuulizwa hivyo. Aliulizwa hiki ni nini.

Na alikumbuka kwamba miaka ishirini na miwili nyuma palikuwa na mtu mwingine mbele ya fomu nyingine. Mtu huyo aliulizwa kama vizamishi vitakula mabuu ya dagaa. Aliona wazee wanavyokufa kwa joto, akaona haraka ya watu, akasikia wakubwa wake wakimsihi kwa upole, akatia alama kwenye kisanduku cha hapana. Hakuwa mtu mbaya. Pengine alilala vizuri. Na njaa ya Kigombe ilianzia kwenye kisanduku kile.

Angeweza kuandika kizamishi, na zaidi ya Ngwali hakuna ambaye angejua kamwe. Aliyekiona alikuwa mmoja tu katika dunia nzima. Ndivyo alivyotambua, akiwa pale juani, kwamba jicho la mtu waliloliacha huku peke yake halikuwa na thamani nyingine yoyote ila hiyo.

Akashuka. Akaweka alama penye kiumbe cha asili. Chini yake akaandika kwa mkono, herufi kubwa, kwamba vizamishi vinaua pwani na lazima viondolewe. Kwamba Baraza likutane ndani ya miezi mitatu, si mwaka. Kwamba chakula kipelekwe pwani leo hii, kwa sababu yeye, Sikudhani Mhando, ndiye aliyeichelewesha dawa, na anajua anachokifanya. Akabonyeza kitufe.

Jibu la Ngwali lilikuja baada ya saa mbili. Lilikuwa neno moja. *Nimepokea.*

*

Mabaharia wa ile meli walikuwa wafikie kituoni, watu kumi na wanne, siku mbili. Sikudhani alikuwa ametandika vitanda vyote vinane na kufagia tangu wiki iliyopita, ameloweka choroko, ametoa vikombe ambavyo havijashikwa na mkono wa mtu kwa zaidi ya mwaka. Jumapili saa tisa alasiri aliiona meli, nyeupe, ndogo kama ukucha. Akasimama kwenye ukingo. Iligeuka taratibu, ikamwonyesha ubavu wake wote, kisha mgongo. Aliwaita kwenye redio. Hawakuitikia, au walikuwa wamekatazwa.

Alikula choroko zile siku tano.

Lakini kabla ya hapo, jioni ile ile, jua likiwa bado halijatua, alitumia simu ya dharura kumpigia dada yake. Hakutaka asikie kwa watu.

"Nimeizuia, dada," alisema. "Dawa. Ni mimi niliyeizuia."

Akamweleza kwa kadiri alivyoweza. Maneno yake mwenyewe yalisikika madogo masikioni mwake.

"Kwa ajili ya kidudu," Mwanahawa alisema hatimaye.

"Kwa sababu waliniuliza ukweli."

"Mimi nilikubeba mgongoni, Siku. Nilikubeba nikianika. Uliota meno kwa vichwa vya dagaa." Sauti haikupanda hata kidogo, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Sasa niwaambie nini watu? Nikitoka mlangoni, nitazame wapi?"

"Dada..."

"Usinipigie. Hasira zikipungua nitakupigia mimi."

Ijumaa ikaja, ikapita. Ijumaa ya pili pia. Ngwali aliongea naye saa nne kila asubuhi, dakika mbili, hali ya hewa na namba za wavu, salamu na kwaheri. Aliacha kuhama vyumba. Alihamishia godoro lake maabara, kando ya vikombe, na mchana, miani ilipotolewa nje, alivua viatu na kukaa kimya karibu nayo.

Siku ya kumi na tisa tangu atie sahihi ilikuwa Jumatano, siku isiyo ya simu. Kengele ya redio ililia saa sita mchana, akafikiri ni hitilafu.

"Ni mimi," Mwanahawa alisema. "Dakta wenu amenipa nafasi. Siku, Mbwana tumemzika jana."

Sikudhani alikaa chini, palepale sakafuni.

"Daktari wa hapa anasema hata kama dawa ingemwagwa, dagaa wangerudi baada ya miaka miwili. Isingemuwahi. Nimelijua hilo tangu mwanzo, ila sikutaka kulijua. Na malori ya unga yamefika leo. Yamekuja leo, unasikia? Wanasema ni kwa ajili ya barua yako. Bi Mize yuko hapa. Ana swali, mimi nimeshindwa kumjibu. Nampa simu."

"Dada, ngoja..."

Lakini simu ilikuwa imeshahama mkono. Akasikia pumzi ya mtu mzima, nzito, karibu sana.

"Shikamoo, Bi Mize," alisema. "Pole. Mungu amrehemu Mbwana. Mimi... pole sana."

"Marahaba, mwanangu. Sote njia yetu ni hiyo." Sauti ilikuwa tulivu, imechoka kulia. "Sikukupigia kukugombeza. Nataka kujua tu. Hicho ulichokihifadhi, kikoje?"

Sikudhani alitazama vikombe vyake. Katika miezi kumi na minne hakuna mtu aliyewahi kumuuliza hivyo.

"Ni kidogo, Bi Mize. Kidogo kuliko punje ya chumvi. Hakioni, hakisikii. Kinajijengea nyumba, chumba baada ya chumba, na kila chumba kikubwa kuliko cha nyuma yake. Asubuhi kinaanika, jioni kinaanua. Na kikizaa, hakibaki. Chote kinakwenda kwa watoto."

Upande wa pili kulikuwa na upepo, na sauti ya mtu anatwanga kwa mbali.

"Viko vingi?"

"Nimepata thelathini na kimoja."

Bi Mize aliirudia namba hiyo polepole.

"Basi vihesabu vizuri," alisema. "Vihesabu kila siku, usiruke hata kimoja. Mimi nilikuwa naye mmoja."

"Nitavihesabu, Bi Mize."

Baada ya hapo hakuna aliyekata simu.